Trekta la Mzee Gulam na Kinu cha Mwajabu

Vijana wangu, kila mkipita kwenye uchochoro wetu hapa Kiwalani mkanikuta nimejilaza chini ya lile trekta dogo jekundu, miguu tu ndiyo inaonekana, mnaniuliza swali lilelile: "Shikamoo babu, hicho ni chombo gani?" Naitikia marahaba nikiwa hukohuko chini, nasema ni trekta, mnacheka, mnakwenda zenu. Leo kaeni. Nimekuwa fundi wa mitambo midogo tangu ndevu hazijaniota mpaka zimekuwa nyeupe, nimestaafu, na bado asubuhi nikisikia ile injini inashika moto mwili wote unanisisimka. Furaha hiyo siwezi kuwaficha, na sioni kwa nini niifiche.

Ni trekta la bustani, lile la kukalia, ambalo wenye nyumba za viwanja vipana hukatia majani. Lilikuwa la Mzee Gulam, mwalimu wangu. Mzee Gulam alikuwa Mhindi wa Kiithnasheri, mzaliwa wa mji huu, na alikuwa na gereji kule Ubungo ya pampu za maji, jenereta na mashine za kukatia majani. Mimi nilitoka Bukoba na begi moja na ubishi mwingi. Alinipokea kwa sababu ya ubishi, alisema begi halikumvutia.

Gereji yake ilikuwa na sheria moja. Kabla hujashika spana, unataja ugonjwa. Unaizunguka mashine, unaigusa, unainusa, unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, unasikiliza, halafu unasema mbele ya wenzako: tatizo ni hili. Ukipatia, unafungua. Ukikosea, unachemsha chai ya gereji nzima. Mwaka wangu wa kwanza nilichemsha chai mpaka muuza sukari wa Ubungo akawa ananiita kwa jina la baba yangu.

Msidhani ni mchezo. Siku hizi kijana akiletewa jenereta haiwaki, anafungua kila nati iliyo mbele yake, anazimwaga kwenye karai, ndipo anaanza kufikiri. Injini ndogo haitaki vitu vingi. Inataka moto wa plagi, inataka mafuta safi, inataka pumzi. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, mwambie mwenzio avute kamba. Kidole kikisukumwa, pumzi ipo. Hapo umeshapunguza kazi, na hujachafua hata shati.

Na kabureta, jamani, kabureta. Kuna kitundu humo ndani chembamba ambacho mafuta hupita. Kikiziba, injini inakohoa. Siku moja nilikizibua kwa waya wa chuma, nikajiona daktari. Pampu ikawaka vizuri kweli, na kuanzia siku hiyo ikawa inakunywa petroli kama imerogwa, maana nilikuwa nimekipanua. Mzee Gulam hakugomba. Alikwenda kwenye ufagio, akachomoa chelewa moja, akanipa. "Swaibu," alisema, "hii ndiyo spana yako ya wiki hii." Mpaka leo kwenye sanduku langu la vifaa mna chelewa, na nyie mnaonicheka kwa hilo nawaombea mkutane na kabureta.

Mzee alifariki miaka mingi baada ya gereji kufungwa. Mjane wake, Bi Sakina, akabaki kwenye nyumba yao Kinondoni. Juzijuzi tu, kabla ya mvua zilizopita, akanipigia simu kwamba anahamia kwa binti yake, nyumba ya ghorofani isiyo na bustani. "Njoo umchukue mtoto wa mzee wako," akasema. Nilikuta trekta stoo chini ya turubai, matairi yamelala, panya wamejenga kwenye feni, na paka amezalia kwenye kiti. Bi Sakina akagoma lisitoke mpaka watoto wa paka wafumbue macho. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikingojea paka. Nyie hamjui mateso.

Nikalipata hatimaye, nikalipakia kwenye kirikuu cha mizigo, tukaingia Kiwalani mtaa mzima ukitazama. Mke wangu, Mwajabu, alikuwa mlangoni. Mwajabu ni Mzaramo, mwenyeji wa mji huu kwa babu na bibi, na ulimi wake haujawahi kushika kutu. Akalitazama trekta, akanitazama mimi.

"Hiyo ya kufanyia nini?"

"Ya kukatia majani. Lakini mie naibadilisha."

"Bora uibadilishe," akasema. "Maana nyumba hii haina hata unyasi wa kumpa mbuzi."

Akageuka akaingia ndani. Zamani angesimama hapo akanisema mpaka majirani waje kusuluhisha. Safari hii aliingia tu, akichechemea, na hapo ndipo mnatakiwa kujua jambo lililonifanya nilitake trekta lile kwa moyo wote.

Nyuma ya nyumba zetu kuna bonde. Mwajabu ana matuta yake ya mchicha humo tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Mishahara ilipochelewa, mchicha ule ndio uliotulisha, na pesa yake ndiyo iliyowavalisha watoto sare. Mimi nilikuwa fundi, ndiyo, lakini mwenye shamba alikuwa yeye. Kisha akateleza kwenye ubao wa kuvukia mfereji, akaumia nyonga. Akatibiwa, akapona kiasi cha kutembea, ila daktari akamwambia jembe basi, asiiname tena. Na bonde lile halina hati wala mpimaji. Lina ada yake: bustani ikikaa bila kulimwa mpaka mvua ya kwanza ya vuli, anapewa mwingine, maana watu wenye njaa ya ardhi ni wengi. Nilimwambia tutafute kibarua wa kumlimia. Akajibu kwamba tuta lililolimwa na mtu asiyemjua hatalipanda. Nikajua njia iliyobaki ni moja: alime mwenyewe, akiwa amekaa.

Mwajabu hakulalamika, na ndilo lililoniumiza. Aligawa keni zake za kumwagilia kwa wanawake wenzake, moja moja. Nilipomwambia nataka kumtengenezea trekta alimie, alisema, "Achana na bonde, Swaibu. Limeshakwenda." Mimi nikafikiri anadharau mashine yangu. Nikasema ngoja, utaona.

Sasa niwaeleze Kulwa, maana bila Kulwa hadithi hii haiendi. Kulwa ni Mnyamwezi wa Tabora, mzee kama mimi, bustani yake ya bamia na matembele inapakana na ya Mwajabu. Na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Nyie wa siku hizi utani mnaujua kwa kuchekeana kwenye simu tu. Utani wa hawa wawili ni wa zamani: mtani anaweza kumtukana mwenzake mbele za watu na asichukiwe, anaweza kuja kwenye msiba wake akalala mahali pa maiti, anaweza kuchukua kitu chake akaondoka nacho mpaka akikomboe kwa kuku. Ila anachukua cha mtani wake tu. Cha mtu mwingine akichukua, huo ni wizi. Mimi mtu wa Bukoba simo katika mambo yao, mimi kwa Kulwa ni shemeji basi.

Kila jioni Kulwa akitoka bondeni alipita uchochoroni, akanikuta na trekta, akasimama na jembe begani.

"Shemeji, mwambie mtani wangu shamba lake nimelichukua. Akitaka alikomboe, alete kuku. Jogoo, sitaki vifaranga vya Kizaramo."

Mimi nacheka. Kesho tena: "Shemeji, umemwambia? Mwambie nimelichukua, naona mvua inakuja." Nacheka tena, nampa maji ya kunywa, anakwenda. Nilifurahia sana vituko vyake. Ndani kwangu sikusema neno, maana niliona mke wangu ana majonzi ya shamba, nimpelekee na matani juu yake ya nini.

Basi, kazi. Hapa ndipo moyo unapoanza kunidunda hata nikisimulia. Niliweka bisibisi sikioni ingawa injini ilikuwa imekufa, kwa heshima ya mzee tu. Nikataja ugonjwa kwa sauti: mafuta yameoza, kabureta imeziba. Nikatoa plagi, nikadondosha oili kidogo kwenye silinda, nikaacha inywe. Nikazungusha kwa mkono polepole, ikazunguka. Nikaondoa mji wa panya kwenye feni. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikachukua chelewa yangu. Plagi mpya, petroli mpya, betri ya kuazima kutoka kwenye bajaji ya jirani. Nikapiga stata. Ikakohoa. Nikapiga tena, ikatoa moshi mweupe uliofunika nguo za watu kwenye kamba, halafu ikashika, tuku tuku tuku, ileile sauti ya gereji ya Ubungo. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia, sioni haya kusema. Jirani akaja kuulizia nguo zake, akanikuta nalia, akarudi bila kugomba.

Lakini trekta la kukata majani si la kulima. Linakwenda mbio, ni jepesi, na nguvu yake imetengenezwa kwa visu, haikutengenezwa kwa udongo. Nikaondoa sahani ya visu yote. Nikafunga nyuma chuma cha kupandishia matuta, nikalipeleka kwenye kiwanja cha mchanga kando ya mfereji. Chuma kikazama, mkanda ukateleza, ukaanza kunuka mpira unaoungua. Watoto wakashangilia kana kwamba ndicho nilichokusudia.

Nikaenda kwa Neema. Neema ni fundi wa kuchomelea, ana banda lake barabarani, binti wa watu, anavaa miwani ya kuchomelea kichwani hata akienda dukani. Mnamfahamu, na kama hamjampa heshima yake anzeni leo.

"Shikamoo mzee. Nimesikia trekta limekutoa jasho."

"Marahaba. Mkanda unateleza."

"Toa mkanda basi, weka cheni. Cheni ya pikipiki, sproketi ndogo huku, kubwa kule. Spidi inashuka, nguvu inapanda. Hii ishu ndogo, mzee, nimeonaga mtu kafanya hivyo kwenye simu."

Nikamwambia simu haijawahi kulima. Nikamwambia Mzee Gulam alitufundisha kwamba mkanda ni huruma: tairi likikwama, mkanda unateleza ili injini isife. Ukiweka cheni tupu, jiwe moja tu litakuvunjia gia boksi. Neema akakuna kichwa, mimi nikaona nimeshinda.

"Sawa," akasema. "Mkanda ubaki kutoka kwenye injini. Halafu tunaweka shafti ya katikati, ndiyo cheni itoke hapo kwenda kwenye gia boksi. Huruma ya mzee wako inabaki, na cheni yangu inakula kazi."

Vijana, nilisimama pale barabarani nikatamani kumwinua juu. Huko ndiko kujua kazi. Mimi nilikuwa na nusu, yeye alikuwa na nusu, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Tulikata shafti, tukapata beringi mbili nzima kwa muuza vyuma chakavu, na sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la nyuma ya pikipiki. Neema akachomelea vishikio, nami nikanyoosha mstari kwa uzi wa mshipi, maana sproketi zikipishana hata kidogo cheni inajitafuna yenyewe. Kile chuma cha matuta tulikitupa, tukatengeneza kingine kwa bapa la springi ya lori, chuma ambacho hakikunji shingo kwa urahisi.

Uzito tukautafuta kwenye matairi. Shikeni hili, litawafaa: tairi la nyuma linaweza kujazwa maji. Unalielekeza valvu juu, unatoa kichwa chake, unaingiza maji kwa mpira, unaacha hewa itoke kidogo kidogo, na hulijazi pomoni, unabakiza nafasi ya upepo. Mwanzoni nilisahau kuacha hewa itoke. Maji yalirudi yote usoni kwangu, na Neema alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Siku ya majaribio tukalishusha bondeni kwa njia ya nyuma, mimi juu, Neema akitangulia kuwaondoa kuku na watoto. Cheni ikalia vizuri, matairi yakashika. Nikashusha chuma kwenye ardhi ya pembeni isiyo ya mtu. Kikauma. Na trekta likanyanyua miguu ya mbele juu kama punda aliyekataa mzigo, nikabaki natazama mawingu.

"Mbele pepesi," Neema akapiga kelele. "Weka kitu kizito."

Kitu kizito gani? Mfuko wa mchanga tulioufunga ulipasuka kwenye msukosuko wa kwanza. Jiwe likateleza. Ndipo nikakumbuka kuna kitu nyumbani kizito, cha mviringo, chenye kiuno cha kufungia kamba. Kinu cha Mwajabu. Kinu cha mti mgumu alichopewa na mama yake, ambacho nilikibeba mwenyewe kutoka Kisarawe wakati wa harusi yetu na mgongo wangu haujakisahau. Yeye alikuwa kwa jirani anasukwa. Nikakichukua.

Kufunga kinu mbele ya trekta ni kazi ya dakika chache kama unajua fundo. Na nawaambia, hakuna kiwanda kilichowahi kutengeneza uzito mzuri kuliko ule. Nikashusha chuma tena. Mbele ikatulia. Udongo ukafunguka kushoto na kulia, mweusi, unanukia mvua ambayo haijanyesha, na nyuma yangu tuta likawa linanyooka lenyewe. Nilipiga ukelele ambao mtu wa umri wangu hapaswi kuupiga. Wakulima wa bonde wakaacha majembe wakaja kutazama.

Nikaliendesha moja kwa moja kwenye shamba la mke wangu. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Pugu, nilijua siku zimekwisha. Na pale katikati ya magugu nikaona fimbo imesimikwa, ina kitambaa chekundu kinapepea. Nikazima injini.

Nyie mnajua maana ya alama kwenye shamba: lina mwenyewe. Damu ikanipanda. Kulwa alikuwa palepale kwenye bamia zake, ananitazama, meno yote nje.

"Kulwa, hii fimbo ya nani?"

"Yangu, shemeji. Si nimekwambia kila siku? Nimelichukua."

Ule uso wake wa kucheka, ambao jioni zote ulinifurahisha, siku ile niliuona uso wa mwizi. Nikashuka kwenye trekta, nikaikamata ile fimbo kwa mikono miwili niing'oe. Neema akanishika shati. Na kabla sijavuta, sauti ikatoka nyuma, kule kwenye njia ya bondeni, sauti ninayoijua kuliko ya injini yoyote.

"Swaibu! Kinu changu kiko wapi?"

Mwajabu alikuwa anakuja, kumbe watoto walishampelekea habari, nywele upande mmoja zimesukwa, upande wa pili bado, anachechemea kwa hasira, na msusi wake nyuma kashika kitana. Tangu aumie hakuwahi kushuka bonde lile. Alipofika akakiona kinu cha mama yake kimefungwa kamba kwenye pua ya trekta, akafungua kinywa anitolee maneno. Ndipo macho yake yakaiona fimbo.

Akaisogelea. Akashika kile kitambaa, akakigeuza.

"Hili si shati la Kulwa? Lile shati lake bovu la sikukuu ya Iddi?"

"Ndilo," Kulwa akasema. "Na wewe nywele zako zimefanya nini? Umekimbia kwenye mtego?"

Mwajabu alinigeukia mimi, na sauti ikawa ndogo. "Mimi niliambiwa tu kuna alama nyekundu kwenye shamba. Nikajua wameshalichukua watu. Wewe ulijua ni ya Kulwa? Nani kakwambia?"

"Kulwa mwenyewe. Kila jioni ananipitia, anasema kalichukua, ulikomboe kwa jogoo."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na hukuniambia."

"Mwajabu, nilidhani anatania."

"Alikuwa anatania ndiyo," akasema. "Ndiyo maana ulipaswa kuniambia."

Nilisimama na mikono yangu ya oili, sielewi. Ikabidi Kulwa anieleze taratibu. Walikuja watu kulitaka shamba lile mara tu Mwajabu alipolazwa, wakasema mwenyewe hawezi tena, lipewe mwingine. Kulwa akasimika fimbo yake mbele ya wote, akafunga shati lake, akasema shamba hili nimemnyang'anya mtani wangu, atalikomboa kwangu. Basi, watu wa bonde wakaliacha. Kitu kilichoshikwa na mtani hakiingiliwi na wa tatu. Alilishika kwa ajili yake, hakumnyang'anya. Lakini hata mtani ana mwisho: mvua ya kwanza ikinyesha na mwenyewe hajatokea, wangesema amelitupa. Ndiyo sababu kila jioni alikuwa ananipitia na kusema naona mvua inakuja. Alikuwa anatuma salamu kwa njia pekee ambayo mtani hutuma, na mimi, fundi wa kusikiliza mashine kwa bisibisi, nilikuwa nakaa pale nacheka na kumpa maji.

Mzee Gulam angenichemshisha chai ya Kiwalani nzima.

Mwajabu alikaa juu ya tuta, akalia na kucheka kwa pamoja, akijifuta kwa ncha ya kanga. Miezi ile yote alikuwa ameomboleza shamba ambalo lilikuwa linamsubiri. Kulwa akaangalia pembeni, akajifanya anang'oa gugu. Kisha Mwajabu akasimama, akaing'oa ile fimbo mwenyewe, akamtupia.

"Shika fimbo yako, Mnyamwezi wewe. Jogoo utampata, na nakuombea akudonoe."

"Aje na unga wake," Kulwa akasema.

Mimi nikapanda trekta, nikawasha, nikamwambia mke wangu asimame pembeni atazame. Akaja mpaka kwenye usukani, akauzima ule moto kwa ufunguo.

"Shuka."

"Mwajabu, unajua hii ina klachi..."

"Daktari kaniambia nisiiname. Hapo mtu anainama?"

Nikashuka. Neema akamwonyesha klachi, breki na mkono wa kushushia chuma, wakaelewana kwa maneno machache kuliko ambavyo mimi ningetumia. Akapandisha kanga, akakaa. Mara ya kwanza liliruka kama chura na akanitazama kana kwamba nimelifundisha mimi. Mara ya pili likatulia. Akashusha chuma, kinu cha mama yake kikiwa mbele, akakata tuta la kwanza kuelekea kwenye mfereji, na lilikuwa limenyooka kuliko langu. Usione vyaelea, vijana, vimeundwa. Lakini vikishaundwa, viacheni vielee. Mimi nilibaki nyuma nasambaza samadi kwa mkono. Mvua ilinyesha matuta yote yakiwa yamekwisha kulimwa, tukarudi nyumbani tumelowa, yeye juu ya trekta, mimi na Neema na msusi kwa miguu.

Keni zake wanawake walizirudisha, moja moja. Kinu kilirudi jikoni baada ya Neema kunitengenezea uzito wa chuma, ingawa mpaka leo nasema kinu kilikuwa bora. Mchicha ukaota. Kulwa akapewa jogoo wake, akamtukana jogoo, akamla.

Juzi asubuhi nikaamka niende kukaza cheni, maana cheni mpya hulegea. Nikakuta kwenye usukani wa trekta pamefungwa kitambaa chekundu. Shati lilelile. Kulwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti changu, anakula muhogo.

Nikamwambia, "Hapana, Kulwa. Hapo umekosea. Mie si mtani wako. Hili trekta ni langu, nimelitengeneza kwa mikono hii."

Akatafuna, akameza, hakuwa na haraka.

"Shemeji, mie cha kwako sijagusa. Nimechukua cha mtani wangu. Bonde zima linajua hilo trekta la nani."

Nikamtazama, nikalitazama trekta la Mzee Gulam, kiti chake kina kanga ya Mwajabu imekunjwa vizuri ya kukalia. Ndani nikasikia mke wangu anauliza nani yuko nje. Safari hii sikuchelewa. Niliingia nikamwambia neno kwa neno, halafu nikachukua kapu, nikaenda sokoni kutafuta jogoo.